Suti ya Jumapili, lumbesa ya Jumatatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu moyo na mwonekano

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, na Jumamosi mchana nafundisha darasa la kipaimara. Kazi hizo mbili zimenifanya niulizwe habari za mavazi na imani pengine kuliko mchungaji mwenyewe, maana mtu akisimama kupimwa gauni, na ya moyoni anayashusha. Hapa nimekusanya yanayojirudia. Majibu ni yangu, si tamko la kanisa. Anayeona nimekosea anifuate kwenye cherehani, nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Si Biblia imesema Mungu huutazama moyo? Mbona basi mnatusumbua na mavazi?

Maneno hayo yako 1 Samweli 16:7, na wanafunzi wangu wanayajua kwa kichwa kuliko Amri Kumi. Lakini angalia aliyeambiwa ni nani. Hakuwa kijana anayebishana na mama yake juu ya suruali iliyochanwa magotini. Aliambiwa Samweli, nabii aliyezeeka kazini, aliyefika kwa Yese Bethlehemu na pembe yake ya mafuta, akamwona Eliabu na kimo chake, akasema moyoni: ni huyu. Na hii ilikuwa mara ya pili anaona urefu. Sauli naye alikuwa mrefu kupita watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu, na tunajua alivyoishia.

Kwa hiyo mimi naisoma aya ile kama karipio kwa anayetazama. Anayetazamwa hajapewa kibali chochote pale. Inamhusu mzee wa kanisa anayependekeza wajumbe wa kamati ya ujenzi kwa kuangalia gari walilokuja nalo. Inanihusu mimi, ninayemjua mteja wa kukopesha kwa viatu vyake.

Halafu shuka hadi aya ya 12: Daudi anaingia, na mwandishi hakujizuia kusema ana macho mazuri na umbo la kupendeza. Uzuri haukukataliwa. Kilichokataliwa ni kuufanya cheti.

Kusuka nywele ni dhambi?

Hili huulizwa na mabinti wa bweni na kina mama waliookoka karibuni. Huletewa 1 Petro 3:3: "Kujipamba kwenu, kusiwe kujipamba kwa nje, yaani, kusuka nywele, na kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi." Wengi wanaoinukuu wanasimama kwenye dhahabu. Mimi kama fundi siwezi kusimama hapo, kwa sababu neno la mwisho ni riziki yangu: na kuvalia mavazi. Kama Petro amekataza kusuka kabisa, basi amekataza na kuvaa nguo kabisa, na mtume hakuwa na maana hiyo. Anazungumzia pambo la mtu liwe nini, lile analolitegemea ahesabiwe kuwa ni mtu. Jibu lake liko aya inayofuata, "utu wa moyoni usioonekana", roho ya upole na utulivu.

Paulo naye, akimwandikia Timotheo aliyekuwa Efeso, anaweka kusuka kwenye kapu moja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Katika dunia ile ya Kirumi mwanamke tajiri alikuwa na mtumwa wa kumtengeneza nywele tu, saa nzima na zaidi, akiingia ibadani kichwa chake kinatangaza mali ya mumewe. Sasa mlinganishe na mwanafunzi wa Ilomba aliyesukwa twende kilioni na dada yake, wamekaa kwenye kigoda nje ya mlango, kitana kimoja, bila hata senti moja. Ukitaka kumtafuta mwenzake yule tajiri wa Efeso, usiende kwa aliyesuka. Angalia wigi la bei ya magunia mawili ya mpunga, na wanaume nao wasicheke, maana saa za mkononi tunaziona.

Suruali kwa mwanamke je? Kumbukumbu la Torati 22:5 si imekataza?

Imekataza mwanamke kuvaa mavazi yampasayo mwanamume, na mwanamume kuvaa ya mwanamke. Siku zile wote walivaa mavazi marefu. Suruali haikuwepo kwenye mjadala. Vazi la mwanamume ni lipi, hilo huamuliwa na watu wa mahali na wakati wao. Kanzu inaonekana gauni kwa asiyeijua.

Ninachoomba ni kwamba ukifungua sura hiyo ya 22, isome yote. Aya ya kwanza inaamuru ng'ombe wa ndugu yako akipotea umrudishe. Aya ya 8 inaamuru uweke ukingo kwenye dari ya nyumba mpya ili mtu asianguke. Aya ya 11 inakataza nguo iliyochanganya sufu na kitani. Nimeshaona dada akirudishwa mlangoni kwa suruali. Sijaona mtu akirudishwa mlangoni kwa kukaa na ng'ombe wa jirani.

Na kuna suala la baridi, ambalo watu wa Dar es Salaam hawalielewi. Makete na Njombe mwezi wa saba umande unaganda kwenye majani. Bibi wa huko huvaa suruali ya mtumba ndani, kitenge juu, sweta, na khanga mabegani, na hakuna anayemwuliza andiko.

Sina nguo ya kutokea. Nisubiri mpaka nipate ndipo nirudi kanisani?

Hapana. Njoo.

Najua si rahisi kama nilivyoandika. Swali hili haliulizwi kwa sauti. Mtu anaacha tu kuja, na mwezi wa tatu ndiyo tunasikia kisa ni viatu. Siku moja ya mvua, mvua ile ya kwetu ambayo ikianza upande wa Tukuyu haina habari ya kukoma, baba mmoja aliingia na mabuti ya mpira, matope hadi kwenye kifundo. Mzee wa zamu hakumfukuza. Alimwonyesha benchi la nyuma kabisa, karibu na ndoo za usafi, kwa upole kabisa, kwa mkono uliofunguka. Dakika tano baadaye akaingia mfanyabiashara na viatu vilivyolowa vilevile, akapelekwa mbele. Yakobo 2:3 ina maneno karibu yale yale: "Keti wewe hapa mahali pazuri", na kwa maskini, "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu." Mzee yule si mtu mbaya. Mkono ulienda wenyewe, na huo ndio ubaya wake. Yule baba sikumwona tena.

Inawezekanaje mtu akawa mzee wa sifa kanisani na sokoni anaogopwa?

Inawezekana sana, na huku kwetu jambo hilo lina jina: lumbesa. Kwa asiyekulia huku, nieleze kwa macho ya fundi. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni. Hapo lilipaswa kushonwa. Badala yake linaongezwa kilemba: viazi vinapangwa juu, vinazungushiwa wavu wa kamba, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, inapita huku na huku, mpaka gunia linasimama na kichwa na mabega. Mkulima wa Umalila analipwa kwa gunia, halipwi kwa kilo. Kwa hiyo kilemba chote anakitoa bure. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi kwamba kifungashio kisizidi kilo 100, na mabango yapo, na lumbesa nazo zipo.

Mkulima naye akishabanwa hivyo anajifunza ya kwake. Viazi vikubwa vinapangwa juu na pembeni, vile vya ukubwa wa gololi vinajificha katikati. Mshono wa nje safi kabisa. Atakayelia ni mama lishe wa mjini anayemimina sakafuni.

Sasa dalali wa lumbesa Jumapili namjua, maana suti yake nimeipunguza kiuno mimi mwenyewe. Anasoma somo la kwanza kwa sauti nzuri. Siku moja zamu yake ikaangukia Amosi 8, pale wafanyabiashara wanapotamani sabato iishe waifanye efa ya kupimia nafaka ndogo na shekeli ya kupimia fedha kubwa. Akasoma bila kukwama, akafunga kitabu, "Hili ni neno la Bwana," akarudi kukaa. Nilimtazama kama atakuna hata shingo.

Simwiti mnafiki. Mnafiki anajua. Huyu naamini kabisa hakusikia, kwa sababu tangu utoto dhambi kafundishwa kuwa ni pombe, wanawake, na kukosa ibada, na yeye hayo hana. Hakuna aliyemfundisha kwamba kamba ya gunia nayo ni mambo ya moyo. Kwenye darasa langu la kipaimara, siku ya Amri ya kutokuiba naleta gunia tupu na shazia mezani. Watoto wa wakulima wanacheka. Watoto wa madalali wananyamaza.

Kwa nini binti akipata mimba anatengwa, na aliyempa mimba yuko kwenye kwaya?

Kwa sababu tumbo linaonekana.

Ningeishia hapo, lakini swali hili nimelibeba muda mrefu. Palikuwa na binti darasani kwangu, sauti ya kwanza, kila somo ananyoosha mkono. Aliitwa mbele ya wazee, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana, akaambiwa baada ya kujifungua atafuata utaratibu wa kurudi kundini. Alipoulizwa mhusika, alikaa kimya. Kimya hicho kikaandikwa kuwa ni ukaidi. Nusu ya waliokuwa kwenye chumba kile walimjua mhusika. Jumapili iliyofuata alikuwa anapiga kinanda.

Kwenye Yohana 8 wanaume wanamleta mwanamke aliyefumaniwa katika kuzini, katika tendo lenyewe, wanasema. Lakini Torati waliyokuwa wakiitaja, Mambo ya Walawi 20:10, inawataka wote wawili, mwanamume na mwanamke. Kama walimkuta katika tendo lenyewe, mwanamume alipitia wapi? Yesu hakuuliza hilo. Aliinama akaandika chini, akawageuzia macho yao wenyewe, wakatoka mmoja mmoja, wakianzia wazee.

Mimi sisemi nidhamu iondolewe. Nasema nidhamu inayongoja mwili umshitaki mtu itawashika wasichana milele, kwa sababu mwili wa mwanamume hausemi. Kanisa likisema linajali moyo, basi lifanye kazi ngumu ya kuutafuta huo usioonekana, au liache kumtoza mmoja deni la wawili.

Yesu aliposema "makaburi yaliyopakwa chokaa" alikuwa na maana gani?

Mathayo 23:27. Kwa Wayahudi kugusa kaburi kulimtia mtu unajisi siku saba (Hesabu 19:16). Kwa hiyo kabla ya Pasaka, wageni wakijaa njiani, makaburi yalipakwa chokaa ili yaonekane kwa mbali na watu wayakwepe. Chokaa ile ilikuwa onyo. Yesu anaona kinyume chake: kitu kinachong'aa kiasi cha kuitwa kizuri, na ukikikaribia kinakuchafua. Ndiyo maana anawasema kwa ukali. Watu wanawasogelea wakidhani wanasogelea usafi.

Nikipita vijiji vya Rungwe na kuona kaburi la marumaru limeng'arishwa kando ya nyumba ya udongo ambamo mjane bado anavujiwa, aya hii hunijia bila kuitwa. Wamoraviani walioanzisha kazi Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mapokeo ya Herrnhut, Ujerumani, ambako makaburi huwekewa mawe bapa yanayofanana, tajiri na maskini, yamelala sawa ardhini. Desturi hiyo haikupanda mlima wetu.

Joho la mchungaji nalo si mwonekano?

Ni mwonekano, na unafanya kazi nzuri. Linafunika suti. Hujui kama chini yake kuna mtumba au kitambaa cha Italia.

Kila sikukuu kwaya inatangaza sare mpya. Nikikosa ya kuchangia, nijitoe?

Usijitoe. Mweleze mwalimu wa kwaya, na kama kitambaa tayari unacho, niletee, tutaelewana. Kama umeambiwa usisimame bila sare, niambie pia. Nitakuja kuzungumza nao, nami nina mdomo.

Kutangaza majina ya watoaji na kiasi walichotoa ni sawa?

Siku ya mavuno napenda mnada, nikiri. Jogoo mmoja anauzwa, aliyenunua anamrudisha, anauzwa tena, hadi jogoo mwenyewe anachoka. Mkungu wa ndizi unapigiwa kelele hadi bei ya mbuzi. Kuna furaha pale ambayo mpitaji akiiita majivuno atakuwa hajakaa nasi.

Bahasha ni kitu kingine. Mhasibu anaposoma jina na kiasi kuanzia kikubwa kushuka, wale wa chini wanajua zamu yao inakuja na wanaanza kutafuta kitu sakafuni. Mathayo 6:3 imesema mkono wa kushoto usijue utendalo wa kuume. Tukabandike orodha ukutani bila kiasi, aliyetoa na ajulikane ametoa, inatosha kwa mahesabu. Nimelisema kwenye kikao mara mbili. Mara ya pili nilijibiwa kwamba mapato yatashuka, na aliyejibu hakuona kwamba amenijibu vizuri sana.

Mchumba wangu anafunga, anaomba, anavaa kwa heshima. Inatosha kuolewa naye?

Safiri naye. Panda naye basi kutoka hapa hadi Dar, mchana, na Mungu akujalie gari liharibike Kitonga. Uone anavyomsemesha konda, anavyogawa maji yaliyobaki, anavyomjibu mtoto wa kiti cha nyuma anayelia. Saa tatu za pale kando ya barabara zitakuonyesha zaidi ya mwaka mzima wa kukutana baada ya ibada. Kufunga usikuhesabu sana. Yesu mwenyewe alisema ukifunga jipake mafuta, unawe uso, usionekane umefunga. Kijana ambaye wote tunajua anafunga Jumatano, ametuambia nani?

Nitajuaje kwamba ndani yangu kumebadilika kweli?

Wewe hutajua vizuri, na kujichunguza sana kuna kiburi chake. Waulize wasio na sababu ya kukusifu. Kama una dada wa kazi, yule binti uliyemtoa Kilolo au Mufindi, kaa naye siku moja umwulize: tangu nimeokoka, nyumba hii imekuwaje? Halafu nyamaza. Akisema "nzuri tu, mama" huku anaangalia sufuria, umeshapata jibu. Wagalatia 5:22 inataja upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, na baada yake upole na kiasi. Hakuna hata moja hapo unayoweza kuionyesha ukiwa peke yako mbele ya kioo.

Wewe fundi unakula kwa mwonekano wa watu. Huoni unajipinga?

Naona. Msimu wa kipaimara ndio unaonilipia kodi ya fremu. Magauni meupe na suti ndogo, wazazi wanakopa, nami napokea.

Tena nina langu. Mwaka mmoja mama anayeuza maparachichi alinipa kazi ya gauni la mwanawe, alikuwa mwanafunzi wangu. Ikabaki elfu kumi na mbili. Jumamosi jioni alikuja mikono mitupu, akaniomba nimpe gauni, atamalizia wiki inayokuja. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimedhulumiwa na wawili kabla yake, nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Kesho yake mtoto alisimama kwenye mstari na gauni la kuazima, refu, limebanwa kiunoni kwa pini tatu. Nilikuwa benchi la pili, nguo yangu imepigwa pasi, mshono wa mkono umekaa sawasawa. Nilizihesabu pini zile. Na gauni lake lilikuwa linaning'inia kwangu kwenye msumari, limekamilika, bitana na yote.

Kutoka 22:26 nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe: ukichukua vazi la jirani kuwa rehani, mrudishie kabla jua halijachwa. Jumatatu asubuhi nikalipeleka. Mama yake alilipokea, akalikunja taratibu, akaingia ndani, akatoka na elfu kumi na mbili kamili. Alikuwa amezipata. Nikamwambia aache, akaziweka mkononi mwangu na kunifunga vidole. Ananisalimia vizuri tukikutana Mwanjelwa. Hajashona kwangu tena.

Basi Jumapili nije nimevaa nini?

Sweta. Dirisha la upande wa kwaya lina vioo viwili vimevunjika tangu mwezi wa nne, na kamati bado inakaa.